Miadi ya Mwaka wa 114

"Wateja wangu umewauza wapi?" Bi Siok-hun alimfokea fundi wa kompyuta, kalenda ya saluni ikiwa tupu kwenye simu yake.

Fundi alisukuma kwa kidole nywele zilizomwangukia machoni, kama kawaida yake. Ndiye aliyehamishia miadi na namba za wateja kwenye seva ya kukodi, wanakopanga watu chungu nzima. Bi Siok-hun hakumwamini tangu mwanzo. Mtu gani huyu, ukiandika nywila anageukia ukuta? Kwa hiyo hata ujira waliokubaliana, kumkata nywele, alikuwa bado ameukalia.

"Bosi, miadi uliiandikia mwaka gani?"

"Mia moja kumi na nne, mwaka huu! Kwani nyie wa Taipei mna mwaka wenu?"

Fundi akairudisha kalenda nyuma karne kumi na tisa. Miadi yote ilikuwa huko.

"Kompyuta haihesabu miaka kama sisi, kuanzia jamhuri yetu ilipozaliwa, Bosi." Wala hakucheka. "Andika nywila, tuwarudishe."

Akageukia ukuta. Bi Siok-hun akakitazama kile kisogo, nywele zimefika kwenye kola, akachukua mkasi.

"Ukishashiba huo ukuta, njoo ukae hapa."