Moto wa Amerika Katika Karakana ya Mama

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu wa Dubai ni ya kitambaa kipya kinapokutana na pasi ya mvuke: ukali fulani kama wa wali unaoanza kushika chini ya sufuria, umechanganyika na mafuta ya cherehani na vumbi la pamba lililoelea hewani hata ukihema unalihisi kooni. Ilikuwa harufu ya karakana alikofanya kazi Mama, katika eneo la viwanda la Dubai Investments Park, ghorofa ya pili, juu ya ghala la magodoro. Walishona sare za wahudumu wa hoteli. Msimu ninaousimulia ni ule joto linapoanza kulegea na watalii kuanza kumiminika, hoteli zote zikataka sare mpya kwa wakati mmoja. Wanawake thelathini hivi walikaa kwa safu, vichwa vimeinama, na mlio wa cherehani zao ulikuwa mmoja, mzito, kama mvua ya masika juu ya bati. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mpaka msimu ule niliipenda harufu ile, kwa sababu ndiyo iliyorudi na Mama kila jioni ndani ya mtandio wake.

Sisi ni watu wa Unguja. Baba alikuwa dereva wa lori la shamba moja kule Hatta, milimani, na tulimwona Ijumaa tu. Mimi na Mama tulikaa Al Mankhool, chumba kimoja katika nyumba tuliyochangia na familia nyingine mbili. Tajiri wa Baba, mtu mwema, alinitafutia nafasi katika shule ndogo iliyofuata mtaala wa Kimarekani, na Mama alilitaja jambo hilo kwa kila mtu, hata kwa muuza mboga. Jumamosi shule haikuwapo lakini karakana ilikuwapo, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniangalia, Mama alinichukua. Nilikaa juu ya robota la kitambaa nyuma ya cherehani yake nikifanya kazi zangu za shule. Msimamizi, ambaye wote walimwita Sir na hakuna aliyejua jina lake la pili, alijifanya hanioni.

Mwalimu wetu wa historia aliitwa Miss Carla, mwanamke mwembamba kutoka Marekani aliyezungumza kwa mikono yote miwili. Wiki ile alitufundisha zama ambazo nchi yake ilijenga viwanda kwa pupa: reli zikienea, matajiri wakizidi kutajirika, na watu wakishuka melini kutoka nchi za mbali wakaingia moja kwa moja viwandani. Alituonyesha picha za watoto wa umri wetu wamesimama mbele ya mashine za kusokota pamba, nyuso zao zimeshazeeka. Alitusimulia juu ya waandishi walioingia machinjioni wakaandika waliyoyaona, na wanawake waliogoma kudai saa za kazi zipunguzwe, na wengine waliodai kura. Mwisho akatusimulia kiwanda cha mashati cha New York, ghorofa za juu za jumba refu, kilichoshika moto jioni moja wakati wa kwenda nyumbani ulipokaribia. Wafanyakazi zaidi ya mia walikufa, wengi wao wasichana wadogo. Ngazi za wazima moto hazikuwafikia. Palikuwa na mlango ambao ungewaokoa wengi, ila ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mwenzangu mmoja akauliza ulifungwa kwa nini. "Ili wasitoroke kazini," Miss Carla akasema, "na wasitoke na vitambaa." Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilinitoka mkononi.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Mama naenda msalani, nikapita kwenye pasi, nikapita kwenye marundo ya vipande vilivyokatwa, mpaka mwisho wa ukumbi. Mlango wa nyuma ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya kijani, na nje yake palikuwa na ngazi ya kushukia uani. Ulifungwa kwa mnyororo na kofuli kubwa kama ngumi yangu. Nililigusa. Lilikuwa baridi, na nikahisi baridi ile inapanda mkono mpaka kifuani. Nikatazama madirisha: yote yalikuwa na nondo. Nikatazama mlango wa mbele, mbali, ngazi yake nyembamba, na meza kubwa ya kukatia imeuziba nusu. Kisha nikamtazama Mama katikati ya safu ya tatu, mgongo wake umepinda, na magodoro yote yale yako chini ya miguu yake. Tangu siku ile sikuweza kula vizuri. Mama akitoka asubuhi nilimfuata hadi kwenye lifti. Jioni basi la wafanyakazi likichelewa kidogo tu, nilisimama dirishani nikitafuta moshi upande wa kusini wa mji, ingawa kutoka pale hata karakana yenyewe haikuweza kuonekana.

Mama aliona. "Una nini wewe? Mtoto gani hali, anahesabu magari tu?" Nikamweleza yote, nikilia. Mwanzoni alicheka. "Hayo ya Amerika, mwanangu, tena ya kale. Wamekufa na wamezikwa." Akaendelea kukuna nazi. Kisha mkono ukasimama juu ya mbuzi. "Ule mlango, umesema ulifungwa kwa nini?" Nikamwambia: ili wasitoke na vitambaa. Nilikuja kujua kwamba maneno yale yale ndiyo Sir aliyowaambia siku alipotia kofuli. Mama akanong'ona, nusu kwangu na nusu kwake mwenyewe, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

Alimwendea Sir Jumapili, akamwomba kwa adabu kofuli liondolewe saa za kazi. Dada Zuwena, rafiki yake kutoka Likoni aliyekaa cherehani ya jirani, ndiye aliyetusimulia alivyojibiwa, maana Mama mwenyewe hakutaka kuyarudia. Sir alisema, "Khalas, rudi ukashone. Ukitaka mlango ulio wazi, wa uwanja wa ndege hauna kofuli." Nikapata hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Visa ya Mama ilikuwa mikononi mwa mwenye karakana. Neno moja tu, tungefunga mizigo. Kila mlango ukigongwa nilijua wamekuja. Baba alipiga simu kutoka Hatta, na sauti yake niliyozoea kuisikia ya upole, siku ile ilikuwa kavu. "Mama Rahma, mkono usioweza kuukata, ubusu." Mama akajibu, "Nimeubusu miaka saba. Midomo imechoka."

Jumamosi ya pili, wakati wa chakula cha mchana, wanawake wakiwa wamekaa chini na vibakuli vyao, Mama akaniita mbele yao. "Waambie uliyofundishwa." Nilitikisa kichwa. Akanishika bega. "Waambie tu. Ni somo." Nikaanza kwa Kiingereza cha shule, na sauti yangu ilitetemeka kama ya mbuzi. Mwanamke mmoja wa Kinepali akawafasiria wenzake kwa Kihindi, Dada Zuwena akawa anaitikia, "Eeh, endelea, mdogo wangu." Nilikuwa nimefika pale moshi ulipoanza kupanda niliposikia funguo zinalia. Sir alikuwa amesimama nyuma yao, mkono kiunoni penye kitita cha funguo.

"Anasema nini huyu?" akauliza. Nilimtazama Mama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona midomo yake imepauka. Dada Zuwena akainuka nusu. "Anatusomea somo lake la shule, Sir. Historia ya Amerika." Sir akaegemea ukuta. "Vizuri. Aendelee." Nilifikiria kuruka, kusema kwamba moto ulizimwa na watu wakaenda nyumbani. Lakini nyuso zile zote zilinielekea, mikono imesita juu ya chakula, na niliona kwamba nikidanganya, wataamini. Basi nikasema. Nikasema walikimbilia mlangoni, mlango ulikuwa umefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ameshatoka. Nikasema majirani walisimama barabarani wakitazama, na baadaye watu wengi mno waliandamana kwenye mvua, na sheria zikabadilishwa. Miss Carla alikuwa ametuambia pia kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa akinywa chai karibu na pale alikimbilia kelele, akayaona kwa macho yake, na miaka mingi baadaye akawa waziri wa kazi wa nchi nzima. Nikamaliza na hilo. Mwanamke wa Kinepali akafasiri neno la mwisho. Hakuna aliyegeuka kuutazama mlango wa kijani. Wote walimtazama Sir.

Alitoka. Muda wa chakula ukaisha, kengele ikalia, na hakuna cherehani hata moja iliyolia. Hawakuwa wamepatana, nilikuwapo, nisingekosa kusikia. Walikaa tu kwenye viti vyao, mikono mapajani, na kimya kile kilinitisha kuliko kelele yoyote. Sir akachungulia, kisha akamwita Mama ofisini peke yake. Nililishika robota nililokalia kwa vidole vyote kumi. Dada Zuwena akaja akakaa karibu nami. "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," akajaribu kutania, halafu akakumbuka ni neno gani amelitaja, akaziba mdomo.

Mama alitoka baada ya muda, akiwa na ufunguo mmoja mkononi. Akapita katikati ya safu, akafungua kofuli, akautoa mnyororo, na ukumbi ukajaa mwanga wa nje. Baadaye alinieleza yaliyopita mle ofisini. Sir alimuuliza kama wamekwenda kushtaki kwa wakaguzi wa serikali, Mama akasema hapana. Sir akakaa, akajipangusa uso, akasema naye anamwogopa arbab, mwenye karakana, kama wao, na kofuli lile aliagizwa. Kisha akauliza, "Huyo mwenye ufunguo, yule wa Amerika, alifanywa nini?" Mama akamjibu hajui, mtoto hakufundishwa hapo. Ndipo akampa ufunguo.

Mlango ukabaki wazi saa za kazi. Lakini mkataba wa Mama ulipokwisha, miezi mitatu baadaye, aliambiwa kazi imepungua, na katika wanawake wote wale imepungua kwake yeye peke yake. Tulirudi Unguja, mimi na yeye. Baba akabaki Hatta miaka mingine sita. Miaka yote hiyo niliamini kwamba mimi ndiye niliyewatenganisha kwa mdomo wangu, na sikumwambia mtu.

Sasa ninaishi Dubai tena, nina kazi yangu hotelini na binti wa miaka tisa. Mambo mengi yamebadilika. Milango ya dharura pale kazini husukumwa kwa kiwiko tu ikafunguka, wakaguzi huja na orodha zao, na kengele ya majaribio ikilia wenzangu hunung'unika kwa kukatizwa kahawa. Mimi hunung'unika pamoja nao, kisha naona mikono yangu imelowa jasho. Hakuna moto uliowahi kuwaka katika karakana ile. Ilihamishwa, na sijui ilikwenda wapi. Huko Amerika palihitajika makaburi ndipo milango ifunguliwe. Kwetu ulitosha woga wa mtoto mmoja na kazi ya mtu mmoja, nami sijui kama bei hiyo ni ndogo au ni kubwa.

Mwaka jana Mama alikuja kututembelea. Nilimuuliza hatimaye, tukikunja nguo, kama anajuta kwa yale. Aliweka kanga aliyoishika juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja.

"Najuta," alisema. "Miaka saba nilipita mbele ya lile kofuli kila siku, na sikuogopa."