Mkono Uliopigwa na Maji

Mlio wadogo kwangu, marahaba, najua mmeniamkia hata kama sijawasikia. Wakubwa zangu wamebaki wachache, nao nawaamkia. Nina neno juu ya maji. Maji haya haya ya kunywa na kutawadhia yalinipiga, yakanitoboa, yakaniozesha mkono. Niko hai kwa rehema ya Mungu na kwa kisu cha daktari.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa mwanamke wa nguvu. Tulikaa Kariakoo, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, mimi, mume wangu Shabani na binti yetu aliyekuwa bado ananyonya. Mama mkwe wangu, Bi Kidani, alikaa chumba cha mkabala. Asubuhi nilikaanga vitumbua barazani, mchana nilifua na kutwanga. Ugonjwa sikuujua. Siku moja nilimkamata mwizi wa kuku uani, mkono mmoja nimemshika ukosi, wa pili nampiga mwiko mpaka mwiko ukavunjika.

Kinamama wa mtaa wetu tulikuwa na masufuria makubwa ya shughuli. Harusi, hitima, maulidi, pilau ilipikwa humo, na mtunzaji nilikuwa mimi. Masufuria ya kuni mnayajua. Masizi hushika kitakoni kama lami. Tuliyasugua kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka kucha zikatoka damu. Na sufuria kubwa lina namna yake ya kusuguliwa. Unalilaza ubavu, unalibana kwa magoti, mkono wa kushoto unautandaza juu ya kitako chake na kulizungusha, wa kulia unafuata na kusugua. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, naye na mama yake.

Shabani aliosha malori kwenye yadi moja Mchafukoge, malori yaliyobeba magunia kutoka bandarini. Mwenye yadi alikuwa Mhindi mmoja, Bwana Ramji. Akaleta mashine ya maji iliyokuja kwa meli. Ilikuwa na injini inayonguruma, mpira mnene, na bomba la shaba lenye tundu jembamba mwishoni. Matope ya safari nzima yalibanduka chini ya lori kama magamba ya samaki. Ndani ya pipa lake walichanganya maji na mafuta ya taa ili yakate girisi.

Shabani alirudi nyumbani anajisifu. "Unajichubua mikono bure, mke wangu. Lami ya lori naitoa, masizi ya pilau ni kitu gani?"

Ilipokaribia harusi ya jirani, tukapakia masufuria kwenye mkokoteni, tukaenda. Bwana Ramji alikuwa anatoka kwenda kula. Aliyaona masufuria, akasimama.

"Shabani, hii mashine ya chuma tu. Mtu kaa mbali. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Bwana."

Nilisikia kweli. Lakini alipogeuka nilikaa chini, nikalilaza sufuria ubavu, nikalibana kwa magoti, nikatandaza mkono wa kushoto juu ya kitako. Sikuwaza. Sufuria huoshwa hivyo.

Injini ikanguruma. Masizi yakaruka, bati likang'aa, nikacheka kama mtoto. "Hapa bado! Hapa, Shabani!" Nikalizungusha. Yale maji yakapita juu ya shina la kidole changu cha shahada, karibu kabisa, bomba likiwa shubiri moja tu kutoka kwenye ngozi.

Sikusikia kukatwa. Nilisikia nimepigwa, kama mtu kanipiga kwa kisigino cha shoka. Mkono ukaruka peke yake. Shabani akazima.

"Umeumia?"

Nikautazama. Kitundu kama cha sindano, tone moja la damu, basi. Chini ya ngozi palifura mstari kuelekea kiganjani.

"Kitundu tu," nikasema. "Malizia hilo la mwisho."

Tukamalizia. Masufuria yakang'aa, watu wakayasifu.

Kabla ya magharibi kidole kilikuwa baridi, cheupe, kimevimba mpaka hakikunjiki. Kisha maumivu yakaja. Nimezaa, najua uchungu. Uchungu wa kuzaa hukuachia ukavuta pumzi, huu haukuachia. Ulikuwa kama mtu kaingia ndani ya mkono na tupa, anachonga mfupa.

Bi Kidani alikuja na beseni la maji ya moto na chumvi. "Maji yamemwingia," akasema. "Na maji yaliyoingia hutolewa. Shabani, mshike."

Shabani akanishika mabega. Mama mkwe alikanda. Mikono yake ilikuwa imewakanda wazazi wa mtaa mzima, migongo na viuno, na ilikuwa na nguvu ya mwanamume. Alisukuma kutoka kiwikoni kwenda kidoleni, akayatafuta yale maji, nami nilipiga mateke, nikalipindua beseni. Kilichotoka ni matone mawili yanayonuka mafuta ya taa. Akafurahi. "Mnaona? Yanatoka." Akachana kanga, akanifunga juu ya kiwiko kwa nguvu ili uovu usipande. Alinipenda. Kwa kunipenda akaisukuma sumu ikaenea kiganja kizima, kisha akaufungia mkono usipate damu.

Kila siku alikanda. Kidole kikawa cha zambarau, kikawa cheusi. Kiganja kikafura, ngozi ikawa nyembamba, inang'aa. Homa ilinitetemesha mpaka meno yakagongana. Maziwa yakakauka, mwanangu akalia njaa, akachukuliwa na jirani. Chumba kikanuka, na harufu ilikuwa yangu.

Shabani akasema, "Mama, tumpeleke hospitali."

"Wakamkate? Mwanamke wa mkono mmoja atakufanyia nini? Utamwosha wewe?"

Shabani akanishika mabega tena. Mama ni mama.

Habari zikamfika kaka yangu Hamisi, kuli wa bandarini, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo. Wambeya walimwambia kwamba Shabani kamtoboa mkewe kwa mashine. Alikuja na kulabu yake ya magunia mkononi. Mimi nililala mkekani, nikasikia mlango wa uani unavunjwa.

"Yuko wapi muuaji?"

"Shemeji, nisikilize kwanza..."

"Usiniite shemeji! Umemchinja dada yangu kama kuku!"

Nikasikia ngumi ikitua mdomoni. Jiko la mkaa likapinduliwa, chungu kikavunjika, watoto wa nyumba wakapiga kelele. Bi Kidani akachukua mchi. "Mwanangu hapigwi mbele yangu, mshenzi wewe!" Mchi ukatua begani kwa Hamisi, nao walikuwa wakitukanana matusi ambayo sitayaandika.

Nililala pale nikawaza. Hawa watamalizana, kila mmoja kwa ajili yangu, na hakuna hata mmoja anayenitazama. Mkono ulikuwa unapigapiga kama ngoma. Nikainuka. Nilitambaa ukutani mpaka mlango wa uani. Nikajikwaa kizingitini, nikaangukia mwimo wa mlango, na mkono ukagonga mbao.

Ukapasuka. Usaha na maji meusi viliruka, vikamtapakaa Hamisi kifuani na usoni, na harufu ya nyama iliyooza iliyochanganyika na mafuta ya taa ikajaa uani. Kulabu ikamponyoka. Bi Kidani akaziba pua kwa mkono wenye mchi.

Nikasema, "Nani ananipeleka hospitali? Anayetaka kupigana abaki."

Hamisi alinibeba mgongoni. Shabani, damu inamtoka mdomoni, alikimbia mbele mpaka yadini. Bwana Ramji mwenyewe akatoa gari, akaendesha kama mwendawazimu, anapiga honi na kulalamika, "Nimesema chuma tu! Nimesema chuma tu!" Hamisi akamwambia anyamaze au atamtupa nje ya gari lake mwenyewe.

Hospitalini daktari alikikata kwanza kile kitambaa cha kanga. Akauliza kilichonipata. Bwana Ramji akamweleza mashine, maji na mafuta ya taa. Daktari akasema Kizungu kwa ukali, na nesi mmoja, msichana wa Kichaga kutoka Kilimanjaro aliyeitwa Ndeshi, akatufasiria.

"Anasema tundu ni dogo, lakini ndani maji yametawanyika kama risasi. Nyama imekufa. Kidole hiki kimekwenda. Atafungua kiganja mpaka juu ya kifundo aone. Akikuta sumu imepita kiwiko, atautoa mkono wote. Mama, unakubali?"

Bi Kidani alikuwa amefika kwa miguu, anahema. Akalia, "Hapana! Hapana!"

Nikamwambia, "Mama, niachie. Mkono ni wangu." Nikamgeukia nesi. "Mwambie akate kilichokufa. Kilicho hai aniachie."

Wakaniwekea kitambaa cha dawa puani. Nilipoamka nilitazama upande wa kushoto kabla sijakumbuka jina langu. Mkono ulikuwapo. Lakini haukushonwa. Uliachwa wazi kama samaki aliyepasuliwa, umeshindiliwa vitambaa, na kidole hakipo.

Kila asubuhi vitambaa vile vilivutwa, vimegandana na nyama. Siku ya kwanza nilimuuma nesi Ndeshi mkono.

Hakunipiga. Alisema, "Mama, kulia ruhusa, kutukana ruhusa, Wachaga tumezoea kutukanwa. Kuuma marufuku. Ukiniuma tena nakufunga bandeji mdomoni."

Nikalia, nikatukana, sikuuma tena.

Walirudi kukata. Nyama iliyokufa ilikuwa imejificha, na kidole cha pili kikafuata cha kwanza. Sindano za dawa zilinifanya nisikae wala nisilale chali. Homa ikashuka, ikapanda, ikashuka. Kila daktari alipokuja nilimtazama macho, kwa sababu alikuwa anapima kwa kidole mahali pa kukatia, pale chini ya kiwiko. Siku moja alichokonoa kwa koleo, nikapiga yowe, damu nyekundu ikachuruzika. Akacheka. Ndeshi naye akacheka.

"Mnacheka nini?" nikawauliza. "Mimi nachomwa, ninyi mnacheka!"

"Anasema nyama inayouma na kutoa damu ni nyama hai," akasema Ndeshi. "Mkono unabaki, mama."

Hapo ndipo nililia kilio changu halisi.

Kupona kulikuwa vita vingine. Kovu lilivuta kiganja kikawa kama kucha za mwewe. Ndeshi alinipa donge la kitambaa nilifinye mchana kutwa, na nilipolegea alinigombeza mbele ya wodi nzima. Nyumbani Bi Kidani alichukua kazi zangu. Alikuna nazi zangu, alifua nguo zangu, na tangu siku hiyo mtu akija na kidonda kumtaka amkande, alimfukuza, "Nenda hospitali, mimi si daktari." Hamisi na Shabani walisalimiana msikitini, mmoja bega bovu, mwingine pengo. Majirani wakatutania: mke hana vidole, mume hana meno, mtoto atarithi nini? Tulicheka. Siku nilipokaa kwenye mbuzi nikakuna nazi nzima mwenyewe, nikamchukua mwanangu nikambeba kwa mkono ule ule, Shabani akatoka nje ili nisimwone.

Leo naona mashine hizo zinauzwa Kariakoo, ndogo, zina magurudumu, mnaita za nyumbani. Mjukuu wangu kanunua ya kuoshea ua na gari. Sikumkataza. Nilimkalisha chini nikamwambia, nanyi nawaambia.

Usimwombe muuzaji yenye nguvu kuliko zote. Ya nyumbani inatosha kuondoa matope, haihitaji kubandua saruji. Ishike dukani: ukiachia kitufe cha bomba, maji yakome yenyewe, na kiwe na loki mtoto asibonyeze. Chukua mdomo unaotawanya maji kama upepeo, ule wa tundu moja uache dukani. Mpira ukiwa na ufa, rudisha. Umeme wake uwe na waya wa ardhi, na plagi ikae mbali na maji, maana maji na umeme vikikutana havikungojei useme shahada.

Vaa viatu vilivyofunika mguu, ndala si kiatu. Vaa miwani. Usimwelekezee mtu hata kwa utani, wala mbwa. Kitu unachokiosha kiweke chini, kifunge, kiegemeze. Kisishikwe na mtu. Bomba likiziba, zima, kisha bonyeza maji yaliyobaki yaishe ndipo uguse. Na mafuta ya taa yabaki kwenye taa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule na Ndeshi, popote walipo, kama wamekufa Mungu awarehemu. Namshukuru hata Bwana Ramji kwa gari lake.

Na wewe unayesoma, yakikupiga usimwambie mtu "kitundu tu." Usikandwe. Usifungwe kamba. Usingoje pavimbe. Nenda saa ile ile, na usiseme umejikata, sema maji yameingia ndani. Wakikupa plasta wakakwambia rudi nyumbani, kaa kwenye benchi lao usiondoke.