Kodi ya Cherehani Iliyokufa

Kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi palikuwa na cherehani mbili na mwanamke mmoja. Mwanamke walimwita Sindano. Wasiomjua walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Waliowahi kugombana naye walijua ni kwa sababu ya ulimi. Cherehani moja ilishona. Ya pili ilikuwa maiti.

Ilikufa mwaka ule mumewe alipoondoka. Mwanamume huyo hakutoka mikono mitupu. Aliifungua cherehani tumbo, akatoa vyuma vyote vya ndani vinavyouzika, kisha akafunga vizuri, kama mtu aliyekula chakula cha mwenzake akarudisha mfuniko juu ya sufuria. Kwa nje ilibaki inang'aa. Ndani, upepo mtupu. Sindano alisema hakuwahi kuona kitu kilichofanana na mumewe kiasi hicho.

Hakuitupa. Aliifunika kitambaa cha maua, ikawa meza. Juu yake aliweka pasi, chaki na nguo zilizokwisha, zikisubiri wenyewe. Akaendelea na maisha, mguu kwenye pedali, binti yake akisomea uuguzi kwa pesa ya mikunjo na vifungo.

Sindano hakukanyaga darasa, lakini hakuhitaji mwalimu wa kumweleza serikali inapata wapi pesa. Alikuwa akiziona zikitoka kwake. Ndani ya kibonge cha uzi mlikuwa na kodi. Ndani ya sabuni, ndani ya mafuta ya taa, ndani ya vocha ya simu. Juu ya hizo, baraza la mji lilimdai leseni, na ada ya kibao kwa kuwa alikuwa na kibao chenye picha ya gauni, na ada ya taka, ingawa mtaro uliopita mbele yake haukuzolewa tangu binti yake anaota meno. Mwenye duka naye alimwongezea pango kila mwaka "kwa sababu ya kodi ya jengo", wakati mwenye duka huyohuyo, mwenye malori sita, alikuwa amesamehewa kodi ya jengo miaka mitano kwa kuwa ni mwekezaji.

"Na mimi je?" Sindano aliwahi kumuuliza karani wa mapato. "Mimi sikuwekeza miguu yangu hapa?"

"Wewe, mama, ni mlipakodi," karani akajibu, kama mtu anayempa heshima.

Karani huyo walimwita Kalamu Mbili. Mfukoni mwa shati alichomeka kalamu mbili, moja ya kuandikia, nyingine ya kupendeza. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kila cherehani ililipiwa ada yake kwa mwaka, na Kalamu Mbili alizihesabu akiwa amesimama ng'ambo ya mtaro, kwa sababu hakutaka kuchafua viatu. Alihesabu vilivyofunikwa kama navyo vinafanya kazi. Kilichovimba chini ya kitambaa kilikuwa cherehani.

"Mbili," aliandika mwaka wa kwanza.

"Hiyo nyingine imekufa, bwana. Vuka uitazame."

"Mama, fomu inauliza cherehani ngapi. Haiulizi afya zao."

Fundi viatu, jirani yake wa baraza, aliangua kicheko akiwa na misumari midomoni, nusura ameze mmoja. Sindano hakucheka. Alifunga kazi siku nzima akaenda ofisini. Dirisha la kwanza wakamtuma la tatu, la tatu wakamrudisha la kwanza. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akipaka kucha rangi akamwambia kwamba cherehani haifi mpaka mkaguzi athibitishe, na mkaguzi ana ada yake, inalipwa kabla hajatoka. Ada ya mkaguzi ilikuwa mara mbili ya ada ya cherehani.

Basi akalipa. Mwaka wa pili akalipa. Wa tatu akalipa, huku pasi ikiwa imekaa juu ya hiyo mali yake kubwa. Baraza la mji lilijenga ukuta kuzunguka ofisi zake, likaandika juu yake kwa rangi kwamba kodi ni maendeleo. Sindano hakuweza kusoma. Fundi viatu alimsomea.

"Maendeleo ya nani?" akauliza.

"Hapo hawakuandika, dada. Rangi iliisha."

Mwaka wa nne alilipia cherehani moja akafunga mfuko. Haukupita mwezi, barua ikaja. Fundi viatu aliisoma mara mbili, ya pili polepole.

"Wanasema una deni la cherehani moja. Lisipolipwa kabla ya Ijumaa, watakuja kuchukua cherehani moja, waipige mnada."

"Ipi?"

"Wameandika moja tu."

Sindano akaacha kukanyaga pedali. Mapajani alikuwa na sketi ya shule, na nyuma yake zilisubiri sketi hamsini na tatu, shule zinafunguliwa Jumatatu ya pili. Malipo ya awali yalikuwa yamekwisha kuwa kitambaa. Yaliyobaki ndiyo yangekuwa ada ya mtihani wa mwisho wa binti yake. Wakiichukua inayoshona, basi miaka mitatu ya uuguzi imekwenda na maji ya mtaroni.

"Dada," fundi viatu akasema bila kumtazama, akinyoosha ulimi wa kiatu, "wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Huyu karani wetu tabia yake ni kupita tu. Wewe angalia unafunika lipi."

Ijumaa asubuhi Sindano alikuja mapema. Cherehani iliyokufa aliivua kitambaa cha maua, akaipaka mafuta mpaka ikametameta, akaifunga mkanda mpya, akaweka kibonge cha uzi mwekundu juu, na sketi nusu chini ya sindano. Ile iliyomlisha miaka kumi na tisa, iliyochubuka rangi yote, aliifunika gunia, akaitwika pasi, makopo na viatu vibovu vya jirani. Kisha akaketi mbele ya maiti, akasubiri kama mfiwa.

Pikapu ilifika saa nne. Kalamu Mbili alishuka na wabebaji wawili, akabaki ng'ambo ya mtaro. Mbebaji mmoja akashika gunia.

"Tuchukue hii, mzee?"

Sindano akataka kupiga kelele, akajizuia. Kalamu Mbili akakunja uso.

"Acha takataka hiyo. Mnadani nani ataigusa? Beba hii inayong'aa."

"Jamani, hiyo msinichukulie!" Sindano akairukia. "Hiyo ndiyo inanilisha! Bwana, nihurumie, chukua hata hiyo ya guniani!"

Machozi hayakumsumbua kuyapata. Alimkumbuka mumewe akifunga mfuniko, yakaja yenyewe.

"Sheria haina machozi, mama," Kalamu Mbili akasema, na ilionekana wazi kwamba siku yake imekuwa nzuri. Akaandika kwenye karatasi, akaisoma kwa sauti ili watu wasikie: cherehani moja, nzima, inafanya kazi. Akamwachia nakala.

Mnada ulifanyika uani mwa ofisi hiyohiyo, ukahudhuriwa na watu watatu, mmoja wao mlinzi. Cherehani ilinunuliwa na mke wa Kalamu Mbili kwa bei ambayo fundi viatu alisema haifiki soli ya kiatu. Ndivyo kodi inavyokusanywa na ndivyo inavyokwenda. Habari ilimkuta Sindano mguu kwenye pedali. Alikuwa kwenye sketi ya arobaini.

Siku ya tatu baada ya mnada alimwona Kalamu Mbili akija, anasukuma mkokoteni mwenyewe, tai ameitia mfukoni pamoja na kalamu. Safari hii alivuka mtaro, na kiatu kimoja kikaingia.

"Shikamoo, dada," akasema. Shikamoo! Mtu aliyemwita mama kwa dharau miaka minne.

"Marahaba. Umeleta ada ya taka?"

"Hii cherehani… haishoni."

"Ati?"

"Haishoni. Ndani hamna kitu. Imekufa."

Sindano akageuka kwa fundi viatu. "Jirani, umesikia? Karani wa mapato anasema imekufa. Hebu sema tena, bwana, na wa ng'ambo wasikie. Kama imekufa, mna pesa yangu ya miaka mitatu. Kama nzima, nenda ukashone."

Wateja wa duka la ujenzi walishaacha kupimiwa misumari. Kalamu Mbili akajifuta jasho.

"Dada, tusifike huko. Nitengenezee tu kimyakimya. Mke wangu amenichosha."

"Nitengeneze cherehani nzima? Karatasi yako ninayo, wewe mwenyewe ulinisomea. Lakini kama una wasiwasi nayo, lete mkaguzi. Ada yake unaijua, inalipwa kabla hajatoka."

Kalamu Mbili akashusha mikono ya mkokoteni kama anayetaka kuiacha palepale aondoke.

"Usithubutu!" Sindano akasimama. "Ikilala hapa hata usiku mmoja, utanihesabia mbili. Ondoa mali yako."

Akaiondoa. Fundi viatu alicheka mpaka akashika mbavu, na mtaa mzima ukacheka naye, kwa wiki nzima.

Pesa zile za miaka mitatu hazikurudi. Nani aliwahi kuona serikali ikirudisha? Binti alifanya mtihani wake, akafaulu. Mwaka uliofuata Kalamu Mbili akaja na kitabu kipya, akavuka mtaro, akafunua kitambaa cha meza ya kukatia, akafunua gunia, akachungulia mpaka chini ya benchi, kiatu kimoja kikinuka.

"Moja," akaandika.

"Moja," Sindano akakubali, akatoa pesa aliyoizoea.

"Ongeza nyingine kama hiyo, mama. Ada imepanda. Moja sasa ni bei ya mbili za zamani."

Sindano akamtazama kutoka kalamu ya kwanza hadi ya pili. Kisha akahesabu, akamtupia zilizobaki juu ya kitabu, akarudisha mguu kwenye pedali.

"Pita," akamwambia. "Na ukifunua vya watu, ujifunze kufunika."