Mtaro Ulionyooka Kama Rula

Nikisikia mvua ikianza kugonga mabati, hata leo, kitu cha kwanza ninachoangalia ni viatu vya wageni viko wapi. Nina sababu. Mtaro wa kwanza niliochimba maishani niliunyoosha kama rula, na kosa lilikuwa hilo hilo.

Miaka hiyo ya sitini, kwetu upande wa Chebunyo, mvua ilikuja kwa fujo. Ilishuka kutoka barabarani, ikapita nyumba, ikapita bustani ya mama ya mboga za managu, ikaishia mtoni kabla udongo haujalowa. Mama akanipa jembe. "Yazungushe maji nyuma ya nyumba," akasema. "Pindapinda hapa na pale, yachoke kabla ya kufika kwa mboga."

Mimi nilikuwa mtoto wa kufuta neno moja daftarini mpaka karatasi itoboke. Kupinda niliona ni uzembe. Nilifunga kamba ya mkonge kutoka barabarani hadi bustanini, nikachimba nikiifuata. Kwa kuwa kamba ilipita mbele ya mlango, mtaro nao ukapita mbele ya mlango. Ulipendeza mno hata nikaufagia.

Mvua ikangoja siku ya koito, wazee wa upande wa kijana walipokuja kutoka Kedowa kumposa dada yangu Chelangat. Mazungumzo yalikuwa magumu tangu asubuhi. Chelangat alinibana jikoni: "Hawa wakirudi kwao bila kukubaliana, utakaa na mimi hapa mpaka tuote mvi." Wazee walikuwa wamevua viatu mlangoni. Nilivipanga mimi, kwa ukubwa.

Maji yalishuka kwenye mtaro wangu kama ng'ombe waliofunguliwa boma. Yalipanda kizingiti, yakaingia kwa wageni, yakatoka na viatu. Wazee wakainua miguu wote kwa pamoja. Baba, ambaye hakuwahi kukosa neno, akasema, "Mvua imekuja na wageni. Hii ni baraka."

"Ni kweli, Baba Chelangat," akajibu mzee wao mkubwa, akichungulia nje. "Lakini baraka imeenda na kiatu yangu."

Basi wakatoka wote, suruali zimekunjwa, wakasaka viatu ndani ya managu huku wakitaniana, watu ambao asubuhi nzima hawakuwa wametazamana usoni. Waliporudi ndani na tope mpaka magotini, posa ilikubaliwa kabla chai haijapoa. Jikoni, Chelangat alicheka mpaka akalia.

Kiatu cha mzee nilikipata mimi mwisho wa mtaro, kimekwama kwa kukingama. Nyuma yake maji yalikuwa yametulia, yakizama ardhini polepole. Palikuwa mahali pekee palipolowa mpaka chini. Nilikitoa haraka, maji yakakimbia, nami nikakaa kukisugua mpaka kikang'aa.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba maji hayakuhitaji njia nzuri kutoka kwangu, yalihitaji kucheleweshwa. Siku hizi mitaro yangu inakingama mteremko, imepinda vibaya, na hata kiangazi tunachuma managu.