Kikombe cha Manyasi

Kwa miaka minne Mercyline alikunywa manyasi. Kila mwezi mama mkwe alikuja nyumbani kwao Obunga kutoka Port Victoria na chupa ya dawa hiyo ya mizizi, akasimama mlangoni kuhakikisha imemezwa yote. Ondiek, mumewe, hakupewa hata tone. Ajabu ya watu hawa: mtoto akizaliwa ni wa baba, asipozaliwa kosa ni la mama.

Siku mama mkwe alipotamka kwamba atamletea mwanawe mke wa pili, Mercyline alisukuma kikombe.

"Mama, hii sinywi tena mpaka Ondiek naye apimwe."

Ondiek alinuna siku tatu, akalala kwenye kochi. Ya nne Mercyline akamuuliza kama mwanamume mzima anaogopa kikopo cha plastiki. Wakaenda kliniki.

"Vipimo vya mama viko sawa," Daktari Habiba aliwaambia. "Baba, mbegu zako ni chache, na hizo chache hazina nguvu. Unafanya kazi gani?"

Ondiek alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishachukuliwa na viwanda. Kutwa alisimama mbele ya karai, moto ukimpiga kiunoni, jinzi imembana, sigara mdomoni.

"Korodani zinataka ubaridi, wewe unazichoma kila siku," daktari akasema. "Toka kwa moto. Vaa suruali pana. Sigara acha kabisa, pombe pia. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hivyo mrudi baada ya hapo tupime. Siwaahidi kitu, lakini mjaribu."

Njiani Mercyline alikuwa na hasira ya miaka minne, lakini alimwona Ondiek jinsi alivyoinama, akamshika mkono.

Wakabadilishana kazi. Mercyline akashika karai, Ondiek akaenda kuuza samaki badala yake sokoni Kibuye, kazi ya wanawake. Wanaume walimcheka, wakamwita Mama Samaki. "Mama Samaki ndiye mimi," aliwajibu. "Mnanunua ama mnapita?"

Mwezi wa pili tangu wabadilishane, mama mkwe akafika na chupa yake, na nyuma yake msichana aitwaye Ajwang, macho chini. Alimimina kikombe, akakiweka mbele ya Mercyline, akamwita binti wa Yimbo kama kawaida ya nyumba hiyo.

"Nyar Yimbo, kunywa mara ya mwisho. Ikikataa, huyu anabaki."

Mercyline alikunja mikono. Ondiek, aliyekuwa ndio kwanza anatua beseni, alivuka chumba, akainua kikombe na kukigida chote.

"Mama, mgonjwa ni mimi, daktari amesema. Huyu msichana mrudishe kwao leo. Hata tusipopata mtoto, bibi yangu ni huyu."

Mama mkwe alikaa chini kama aliyesukumwa. Ondiek alishika koo, machozi yanamtoka.

"Nyar Yimbo, hii kitu ni chungu hivi?"

"Miaka minne," Mercyline akasema, akampa maji.