Jina Walilotaka Nitaje

Sina mvi, mwanangu, lakini Jumapili moja mtaani Katuba ilinizeesha, na wewe uliye na mimba sasa utanisikiliza.

Wakwe walituita baada ya misa, mimi na mume wangu, nyumbani kwa mama yake. Katikati ya sebule palikuwa na beseni la maji yenye pemba, ule udongo mweupe. Nikaelewa. Kwao, mtoto asiposema, mama yake anatakiwa kutaja mwanaume aliyelala naye nje ya ndoa. Akitaja, mtoto anaogeshwa, eti ulimi unafunguka. Ilunga wangu, miaka minne bila neno, alikuwa chini ya meza akizungusha kifuniko cha sufuria.

"Taja jina," akasema Tantini Marcelline, shangazi wa mume wangu. "Mutoto hana makosa. Ni siri yako njo inamufunga kinywa."

"Sina jina."

"Basi leo anaenda ku chumba ya maombi. Hatakula mpaka ile pepo itoke."

Mtoto ambaye hata akibembelezwa hula bukari, ugali wetu, na ndizi tu! Wangemuua. Nikamtazama mume wangu; akatazama viatu vyake. Kwenye ulimi nilikuwa tayari na jina la fundi cherehani wetu, mtu asiye na kosa, ili tu wamwache mwanangu.

Hapo mama mkwe, ambaye hajawahi kunipenda, akainua beseni akamwaga maji mlangoni.

"Marcelline, miye nilitaja! Mulinikalisha hivi hivi juu ya mutoto wangu Kaumba. Nikasema jina ya muntu hata mukono hakunigusa. Bakamufukuza mu mutaa. Na Kaumba? Muulize basi, akujibu!"

Tukamgeukia Kaumba, mdogo wa mume wangu, mwanaume mwenye ndevu asiyewahi kusema neno, ameketi ukutani akizungusha kamba kidoleni. Chini ya meza, kifuniko nacho kilizunguka.

Ilunga hakupelekwa chumba cha maombi. Baadaye daktari aliniambia ana usonji: huanza ubongo ukijijenga, mara nyingi tangu tumboni, na mara nyingi hupita katika ukoo. Mengine bado wanatafuta. Lakini si chanjo, si ulozi, si uzinzi, si malezi ya mama. Ulimi uliniwasha nimrushie Tantini: basi ni damu yenu! Nikaumeza. Damu si kosa.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," watakuambia. Waambie methali hiyo wakaimalizie kwao.

Mwanangu, mtoto akichelewa kusema, mpeleke kwa daktari mapema. Wakikuwekea beseni, usitaje mtu. Na siku utakapokuwa mama mkwe, mwaga maji kabla hujaombwa. Mungu akupe mtoto, aje jinsi atakavyokuja, na akupe kinywa kigumu mbele ya wakubwa.