Shati la Kapteni

Yule mama dobi wa mtaani Moroni hakuwahi kupoteza hata kifungo kimoja cha mashati ya mamluki wa Kizungu aliowafulia. Pasi yake ya makaa huijaribu kwanza kwa kidole chenye mate, kisha huirudia kola hata isimame yenyewe, huku akiimba puani. Kila jirani aliyemjia na shida, dobi humwambia neno lile lile: "Nitasema na wazungu wangu kambini." Ndiyo maana jirani yake Saoudat alimkimbilia siku binti yake Saoudat alipoanguka kwenye mbio za shule, kiwiko kimefura hata hakikunjiki. Mama mkwe wa Saoudat alitaka waende mji wa jirani, Ikoni, kwa fundi wa kuunga mifupa; mwalimu alisema hospitali. "Daktari wa kambini ni hodari," dobi akasema. Saoudat akamvuta binti karibu naye. "Angekuwa wako, dada, ungempitisha lango lile?" Wimbo ukakatika. Dobi akamtazama mtoto, akalitwaa shati la kapteni wa mamluki, lingali na joto la pasi, akalipasua, akamfunga mtoto mkono shingoni. "Nendeni hospitali. Pitieni uchochoroni, wasije wakaliona shati lao." Kisha akatandaza shati jingine, akaibandika pasi juu yake bila kuijaribu kwanza kwa kidole.